Laki Saba za Kazi

Mzee mmoja wa Bombo, mwanajeshi mstaafu, alifika kwenye karakana yetu akifuatana na binti yake anayesomea usanifu wa majengo. Nilikuwa nimewaandalia orodha ya bei ya kompyuta ambayo binti aliihitaji kwa kuchora majengo na kuyatoa katika picha zinazokaribia uhalisi, na mzee aliisoma orodha ile mstari kwa mstari, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua, kama mtu anayekagua silaha kabla ya kuzitilia saini. Alipofika mstari wa mwisho aliweka kidole hapo, akaniuliza: “Mwanangu, prosesa nimeiona, kadi ya picha nimeiona, kila kitu kina bei yake, na binti yangu amenionyesha bei hizo kwenye simu. Sasa hizi laki saba za kazi ni za kazi gani?”

Swali hilo nimeulizwa mara nyingi, na ni swali la haki. Mtu anayetoa zaidi ya shilingi milioni kumi za Uganda kwa kompyuta moja ana haki ya kujua kila shilingi imekwenda wapi, na vipande vya kompyuta, tofauti na vitambaa vya fundi cherehani, vina bei ambayo kila mtu anaweza kuitafuta mwenyewe. Sikumjibu palepale. Nilimwomba aje siku ya kuunda mashine, akae, atazame. Jumatatu saa mbili asubuhi nilimkuta mlangoni ameshafika, chupa ya chai mkononi. Ninayoandika hapa ni yale aliyoyaona siku zile tatu, pamoja na mengine ambayo sikupata nafasi ya kumweleza.

Karakana yetu iko ghorofa ya pili ya jengo moja nyuma ya Nkrumah Road, hapa Kampala, na ndani yake tuko wawili tu, mimi na fundi mwenzangu. Kwa mwezi tunaunda mashine tatu, na mwezi ukiwa mzuri, nne. Wateja wetu ni wahariri wa filamu, wasanifu wa majengo, watengenezaji wa muziki, na vijana wanaoipenda michezo ya kompyuta kiasi cha kuweka akiba mwaka mzima. Maduka yaliyo chini yetu huuza kompyuta zilizokwisha kuundwa kiwandani, na kwa kazi nyingi za ofisi kompyuta hizo zinatosha kabisa. Mtu akija kwangu akitaka mashine ya kuandikia barua na kupigia hesabu za duka, ninamwelekeza huko bila kusita. Sisi tunahitajika pale ambapo mtu ana kazi yake mahususi, anajua ni nini kinachomchelewesha, na anataka mashine iliyopimwa kwa ajili ya kazi hiyo.

Biashara hii ya kuunda kompyuta mojamoja kwa mkono haikuanzia kwetu. Iliwezekana kwa sababu kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilijengwa kwa vipande vilivyokuwa vikipatikana sokoni, na namna vipande hivyo vinavyoungana ikajulikana kwa wote, hivyo viwanda vingine vikaweza kutengeneza vya kwao vinavyoshikana navyo. Mwaka 1995 Intel ikatoa kanuni za vipimo zinazoitwa ATX, na hadi leo ndizo zinazoamua tundu za skrubu za mazabodi, ule ubao mkuu ambao vipande vyote huchomekwa, zikae wapi ndani ya kasha, ingawa mazabodi imetoka kiwanda kimoja na kasha limetoka kingine, na wenye viwanda hivyo huenda hawajawahi kuonana. Kila ninapoziona skrubu zile tisa zikiingia mahali pake bila kulazimishwa, ninashukuru kwamba kuna watu waliokaa chini wakakubaliana vipimo.

Mlango huo ulipofunguka, wakaingia wenye mapenzi na kazi hii. Rahul Sood alianzisha VoodooPC huko Calgary, Kanada, mwaka 1991. Mwaka uliofuata Kelt Reeves alianzisha Falcon Northwest nchini Marekani, akiwaundia mashine watu waliopenda michezo ya kuendesha ndege, ambayo kompyuta za kawaida za wakati ule zilishindwa kuibeba. Alienware ilianzishwa na Nelson Gonzalez na Alex Aguila mjini Miami mwaka 1996, na Puget Systems ilianzishwa na Jon Bach katika jimbo la Washington mwaka 2000. Wakati huo ndipo wapenzi wa kompyuta walipogundua kwamba prosesa ya bei nafuu ya Intel ya mwaka 1998, Celeron 300A, iliyouzwa kwa kasi ya megahezi 300, iliweza kusukumwa hadi 450 bila kufa. Jambo hilo liliwafundisha wengi kwamba namba iliyoandikwa kwenye boksi ni ahadi ya chini tu, na kwamba fundi mwenye subira anaweza kupata zaidi ya ahadi.

Mwaka 2006 Dell iliinunua Alienware, na mwaka huohuo HP ikainunua VoodooPC. Mwaka 2009 baadhi ya watu waliotoka Alienware walianzisha Origin PC palepale Miami, nayo ikanunuliwa na Corsair mwaka 2019. Siwalaumu waliouza, kuunda mashine mojamoja ni kazi yenye faida ndogo na wasiwasi mwingi, na mtu aliyeifanya kwa miaka kumi anaweza kuchoka. Ila nimetambua kwamba kila kampuni ndogo inapomezwa na kubwa, wapo watu wanaotoka humo na kwenda kuanza upya na meza na bisibisi, maana walichokipenda hakikuwemo kwenye hati ya mauzo. Falcon Northwest bado iko mikononi mwa mwanzilishi wake, na mimi, nikiwa mbali huku Kampala, ninaitazama kama kijana anavyomtazama mzee wa ukoo aliyekataa kuuza shamba.

Turudi kwenye meza. Mashine ya binti ilikuwa na prosesa ya AMD aina ya Ryzen 9 9900X yenye viini 12, kadi ya picha ya RTX 5070 Ti yenye gigabaiti 16 za kumbukumbu yake yenyewe, na kumbukumbu ya mashine (RAM) ya gigabaiti 32 katika vijiti viwili. Alitaka 64, lakini tangu mwishoni mwa mwaka 2025 bei ya kumbukumbu imepanda vibaya, kwa kuwa viwanda vinavyozitengeneza vimeelekeza uzalishaji wao kwenye vituo vikubwa vya akili bandia, ambako wanunuzi hulipa zaidi na hununua kwa wingi. Mwezi Desemba mwaka huo Micron ilitangaza kwamba inaachana na jina la Crucial, ambalo chini yake iliwauzia watu wa kawaida kumbukumbu kwa miaka mingi. Kwa karakana kama yetu, isiyo na ghala wala mkataba na kiwanda, mabadiliko ya namna hiyo hutufikia moja kwa moja, na bei tuliyompa mteja Ijumaa inaweza kuwa ya uongo ifikapo Jumatatu. Tulikubaliana na binti kwamba aanze na 32, tuache nafasi ya kubadilisha.

Kazi ya kwanza aliyoiona mzee haikuhusu kuunganisha chochote. Nilifungua boksi la mazabodi mbele ya kamera, nikatoa kifuniko cha soketi ya prosesa, nikaitazama kwa lenzi ya kukuzia. Soketi hiyo, ya aina ya AM5, ina pini 1,718, nyembamba mno, zimejipanga kwa safu zinazong’aa kwa pamoja kama nyasi zenye umande zinapopigwa na jua la asubuhi. Ukiinamisha taa upande mmoja, mng’ao wote huelekea upande huohuo. Pini moja ikiwa imepinda, mahali pake huonekana doa jeusi. Nilimpa mzee lenzi atazame mwenyewe. Alikaa kimya kwa muda mrefu, kisha akauliza kama kila moja ina kazi yake, nikamwambia nyingi zinaleta umeme na zinazobaki zinapitisha habari, na ikipinda moja tu, mashine inaweza kukataa kuwaka au, vibaya zaidi, ikawaka na kukosea mara moja kwa wiki bila mtu kujua kwa nini.

Kamera ile ina sababu. Miaka mitatu iliyopita tulipokea mazabodi kutoka kwa msambazaji mmoja, tukaikuta na pini mbili zimepinda, na tulipoirudisha tukaambiwa kwamba sisi ndio tuliozipinda. Hatukuwa na ushahidi, na hasara ikawa yetu. Tangu siku hiyo kila boksi linafunguliwa likiwa bado na lakiri yake, mbele ya kamera, na picha za lenzi zinahifadhiwa pamoja na namba ya kifaa. Kazi hiyo inachukua dakika 20 na haiongezi kasi yoyote kwenye mashine, lakini imo ndani ya zile laki saba.

Baada ya prosesa kukaa ndipo inapakwa ile pasta ya kupitisha joto, kisha kipozeo kinawekwa juu. Wengi hudhani pasta nyingi ni bora. Pasta ipo kwa ajili ya kujaza mianya midogo isiyoonekana kati ya chuma na chuma, na ikizidi inageuka kuwa blanketi. Ninaipaka kiasi, nikiitandaza kwa kipande bapa cha plastiki hadi rangi ya kijivu iwe sawa pembe zote, halafu ninafunga skrubu za kipozeo kwa zamu, nusu mzunguko upande huu na nusu mzunguko upande wa pili, ili kishuke kikiwa sawa. Mzee alisogea mbele akatabasamu. “Hivyo ndivyo tulivyofunga matairi ya Land Rover,” alisema. “Ukimaliza nati moja kwanza, gurudumu linakaa upande.” Ndivyo ilivyo hasa, na sijapata maelezo bora kuliko hayo ya kumpa mteja.

Kuna kichwa kimoja cha kebo ya umeme ya kadi ya picha ambacho sikiachi bila kukitazama mara tatu. Mwezi Oktoba mwaka 2022, kadi za RTX 4090 zilipotoka, zikiwa zinakula hadi wati 450, zikaanza kuonekana picha za vichwa vya kebo vilivyoyeyuka kwenye kadi. Uchunguzi ulionyesha kwamba sababu moja kubwa ni kichwa kutoingia hadi mwisho: pini zinashika kwa ncha tu, umeme wote unapita kwenye eneo dogo, joto linapanda, plastiki inaanza kulainika. Baadaye kichwa hicho kilirekebishwa ili kadi ikatae kuvuta umeme mwingi ikiwa hakijaingia vizuri, na kadi ya binti ilikuwa na aina hiyo mpya. Hata hivyo ninasukuma hadi nisikie mlio mdogo wa kushika, ninavuta kidogo kuhakikisha hakirudi, ninamulika kwa tochi kuona kama kuna mwanya kati ya plastiki mbili, na ninahakikisha kebo inakwenda moja kwa moja kwa upana wa vidole viwili kabla ya kukunjwa. Mfanyakazi wa kiwandani aliyepewa dakika chache kwa kila mashine anaweza kukisukuma vizuri vilevile, na wengi wao hufanya hivyo. Tofauti ni kwamba kikiyeyuka, mwenye mashine hatajua ni nani alikisukuma. Hapa anajua.

Saa tisa alasiri mashine iliwashwa kwa mara ya kwanza. Feni zilianza kuzunguka, taa ndogo kwenye mazabodi ikawaka, na skrini ikabaki nyeusi. Dakika moja ikapita. Mzee alisimama. Dakika ya pili akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu aliye hospitalini, “Imekufa?” Nilimwambia, “Hapana mzee, inajifunza kumbukumbu zake.” Kumbukumbu za kizazi hiki, DDR5, zinakwenda kasi mno hivi kwamba mashine, inapokutana nazo mara ya kwanza, hulazimika kujaribu mara nyingi ni kwa muda gani hasa habari hufika kutoka kwenye kila kijiti, na kuandika matokeo yake. Kazi hiyo inaweza kuchukua dakika kadhaa, na skrini haionyeshi lolote. Ninajua vijana wawili waliozima kompyuta zao katikati ya dakika hizo, wakawasha tena, wakazima tena, na mwisho wakaleta kwangu mashine nzima isiyo na kosa lolote. Dakika ya nne picha ikatokea. Mzee aliketi akajimiminia chai.

Watu wengi hudhani kuunda kompyuta kunaishia hapo, ilhali zile laki saba nyingi ziko mbele. Kijiti cha kumbukumbu kilichoandikwa kasi ya 6000 hakifanyi kazi kwa 6000 hadi mtu aingie kwenye BIOS, yaani mipangilio ya ndani ya mazabodi, na kuruhusu. Nimewahi kufungua mashine za watu waliokaa nazo miaka miwili zikiwa zinatembea kwa kasi ya chini, na hakuna aliyewaambia. Feni nazo huja na mipangilio ya kiwandani inayopandisha mvumo ghafla kila prosesa inapopata joto la sekunde mbili, na mtu anayehariri sauti usiku hawezi kuvumilia hilo. Ninakaa na kila feni, ninatafuta mzunguko ambapo inaleta hewa ya kutosha bila kulia, kisha ninaandika namba zake kwenye daftari.

Yapo pia mambo mazito zaidi kuliko starehe. Mwaka 2024 ilidhihirika kwamba prosesa nyingi za Intel za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zikiharibika polepole kwa kupewa umeme uliozidi. Intel ilitoa marekebisho ya programu yake mwezi Agosti mwaka huo na kuongeza dhamana kwa miaka miwili. Wakati huo Puget Systems ilitoa hadharani takwimu zake za vifaa vilivyoharibika, zikionyesha kwamba mashine zake zilikuwa zimeumia kidogo kuliko ilivyotarajiwa, na ikaeleza kwamba tangu mwaka 2017 ilikuwa imeacha kuamini mipangilio ya umeme inayokuja na mazabodi, ikaweka yake ya tahadhari. Watengenezaji wa mazabodi hushindana kwa kasi, na njia rahisi ya kuonekana na kasi ni kuongeza umeme kimyakimya. Kampuni ndogo, yenye mtu anayesoma mipangilio mstari kwa mstari, iliwakinga wateja wake dhidi ya kosa ambalo hata mtengenezaji wa prosesa hakuwa amelikiri bado. Niliposoma maelezo yale nilihisi fahari, kana kwamba ni mtu wa nyumbani kwetu aliyefanya hivyo. Tangu siku hiyo na mimi ninaweka mipaka ya umeme kwa mkono kwenye kila mashine inayotoka hapa.

Ninapowasoma wenzetu wa Marekani au Uingereza ninaona hawazungumzii sana jambo moja ambalo kwetu huja kabla ya mengine yote, nalo ni umeme wa ukutani. Sisi tunatumia volti 240, na kila mwenye Yaka, mita ya umeme wa kulipia kabla, anajua kwamba namba hiyo ni matumaini: jioni hushuka, umeme ukikatika na kurudi hupanda, na mara nyingine hupepesa tu kiasi cha taa kufumba na kufumbua. Pawasaplai nzuri, yaani kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, inaweza kuishikilia mashine kwa takriban milisekunde 16 bila umeme wowote. UPS nyingi, vile vifaa vya betri vinavyoshikilia kompyuta umeme ukikatika, huchukua kati ya milisekunde nne na kumi kuhama kutoka ukutani kwenda kwenye betri, kwa hiyo hesabu inatosha, lakini inatosha kwa nafasi ndogo, na pawasaplai ya bei ya chini isiyofikia kipimo hicho itazima mashine hata kama UPS ni nzima. Kuna tatizo jingine la kimyakimya zaidi: UPS za bei nafuu hutoa umeme wenye mawimbi ya ngazi-ngazi badala ya wimbi laini, na baadhi ya pawasaplai za kisasa huukataa umeme huo na kujizima. Mteja hulalamika kwamba amenunua UPS na bado kompyuta inazimika umeme ukikatika, na fundi asiyejua humwuzia betri mpya. Ndiyo maana tulimwambia mzee wazi kwamba hatutampa mashine ile bila UPS yenye wimbi laini, hata kama bei yake ingemlazimu binti apunguze kitu kingine.

Hali ya hewa ya kwetu nayo ina masharti yake. Kampala iko mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari, joto si kali, lakini vumbi letu jekundu huingia kila mahali, na likichanganyika na unyevu wa msimu wa mvua hushika kwenye mapezi ya kipozeo kama udongo wa kusiliba. Tunaweka feni nyingi za kuingiza hewa kuliko za kutoa, na vichujio mbele yake, ili hewa itoke kupitia mianya badala ya vumbi kuingia humo. Hilo la mianya tulijifunza kwa uchungu. Tuliwahi kumpa mteja wa Mukono mashine nzuri, tukasahau kurudisha kipande kidogo cha bati nyuma ya kasha, mahali ambapo kadi ya zamani ilitolewa. Miezi mitano baadaye mjusi aliingia kupitia tundu hilo, akaenda kulala palipo na joto, juu ya mazabodi. Alikufa hapo, na mazabodi ikafa naye. Mteja hakuwa na kosa lolote. Tulimnunulia mazabodi nyingine kwa fedha zetu, na tangu wakati huo, kabla ya kufunga kasha, mmoja wetu hulizungukia lote akigusa kila tundu kwa kidole, na mwenzake hutia alama kwenye karatasi. Mzee aliliona zoezi hilo na hakuuliza maana yake. Nadhani jeshini alifanya mengi yanayofanana nalo.

Siku ya pili na usiku wake mashine ilikuwa kwenye majaribio. Kwanza kumbukumbu peke yake kwa saa kadhaa, kisha prosesa ikipiga hesabu nzito bila kupumzika, kisha kadi, kisha vyote kwa pamoja, maana pawasaplai dhaifu hujificha hadi vyote viombe umeme kwa wakati mmoja. Baada ya hapo nilifungua mchoro wa binti mwenyewe, jengo la ghorofa nne alilolichora chuoni, nikaiacha mashine itoe picha zake usiku kucha. Ninaamini sana jaribio hili la mwisho. Programu za majaribio hutesa kifaa kwa namna moja isiyobadilika, wakati kazi ya kweli hupanda na kushuka, na mashine nyingi nilizokuta zinaanguka zilianguka wakati mzigo unashuka ghafla. Asubuhi joto la prosesa lilikuwa halijavuka nyuzi 84, mbali na kikomo chake cha 95, na picha zote 40 zilikuwa kwenye diski bila kasoro.

Mzee alikuja siku ya tatu akiwa na fedha kwenye bahasha. Nilimpa karatasi mbili zenye namba zote: joto, mizunguko ya feni, mipaka ya umeme, namba za vifaa, tarehe ya kusafisha vumbi. Alizisoma kwa utaratibu uleule wa siku ya kwanza, kisha akauliza swali moja tu.

“Na ikiharibika?”

“Utanipigia mimi, mzee. Au binti atanipigia.”

“Si duka? Si namba ya kampuni?”

“Mimi.”

Alizihesabu noti juu ya meza, zikiwemo zile laki saba, bila kuomba kupunguziwa. Dhamana ya vifaa vingi tunavyotumia iko nje ya nchi, na kifaa kikirudishwa huenda wiki sita au zaidi kabla ya jibu kupatikana. Katika wiki hizo mteja ana kazi ya kukabidhi, na karatasi ya dhamana haiwezi kumtolea picha za jengo. Ndiyo maana tuna kabati lenye kadi mbili za akiba, pawasaplai tatu na vijiti vya kumbukumbu, ambavyo havijawahi kuuzwa na havitauzwa. Ni vya kuazima. Kabati hilo limemeza faida ya mwaka wetu wa kwanza wote, na kama ningeanza upya, ningelinunua tena kabla ya kununua meza.

Kwa safari ya Bombo tulijaza povu ndani ya kasha kuzunguka kadi ya picha, kwa kuwa kadi ya siku hizi ni nzito na imeshikwa kwa skrubu chache upande mmoja, na barabara ikiwa na mashimo kadi huchezacheza hadi kuvunja mahali ilipokaa. Kampuni kama Origin PC ilijulikana kwa kusafirisha mashine zake katika makreti ya mbao. Sisi tuna povu, boksi mbili, na mzee aliyekaa kiti cha nyuma cha gari akilishikilia boksi kwa mikono miwili.

Miezi mitatu baadaye binti alinipigia simu jioni. Mjomba wake alikuwa amerudi kutoka Dubai na vijiti viwili vya kumbukumbu vya gigabaiti 32 kila kimoja, na alitaka kujua kama anaweza kuvibadilisha mwenyewe au avilete Kampala. Nilimwambia anaweza. Nikamwelekeza azime mashine, achomoe waya ukutani, aguse chuma cha kasha kwa mkono mtupu, atoe vile viwili vya zamani na kuweka vipya katika nafasi zilezile, ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, akisukuma hadi vishikizo vijifunge vyenyewe. Nilisikia milio ile miwili kupitia simu. Aliwasha, akasema feni zinazunguka lakini skrini ni nyeusi, na kabla sijafungua mdomo nikasikia sauti ya mzee nyuma yake: “Usiizime. Inajifunza.”

Tulisubiri sote watatu, simu ikiwa wazi. Dakika ya tano akaniambia picha imetokea, na kwamba imeandika 64.